Muuguzi wa Dharura Anapohamia Ufundishaji na Utafiti

Muuguzi aliyehudumu miaka kadhaa katika idara ya magonjwa ya dharura huwa na ujuzi usiopatikana wote vitabuni: kutambua kwa haraka mgonjwa asiyeweza kusubiri, kufungua njia ya hewa, kudhibiti damu inayovuja na kuzungumza na ndugu walioshtuka. Nchini Tanzania taaluma hii bado ni changa. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, hivyo wauguzi waliokomaa humo ni miongoni mwa wa kwanza wanaoweza kuwarithisha wengine.

Hata hivyo, uzoefu hauchukui nafasi ya shahada. Katika vyuo vikuu vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya uzamili ndiyo msingi wa cheo cha Mhadhiri Msaidizi, na ya uzamivu ndiyo hufungua cheo cha Mhadhiri. Kwa aliyetoka chumba cha dharura, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Vyuo vya afya vya kati, vilivyo chini ya NACTVET, navyo huajiri wakufunzi. Kokote aendako, muuguzi asiache leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ikwishe muda, kwani atasimamia wanafunzi wodini, mbele ya wagonjwa halisi.

Kwa mtumishi wa umma, kuhitimu pekee hakumbadilishi kada. Ruhusa ya masomo hupatikana kabla ya kuondoka, na maombi ya kubadilishwa kada hupitia kwa mwajiri. Ni busara pia kupima mapema athari ya kipato, hususan posho za kuitwa kazini nje ya saa za kawaida.

Utafiti ndiyo sehemu ngumu zaidi. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kuridhia kushiriki. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, huelekeza ridhaa iombwe kwa mwakilishi wake wa kisheria. Asipopatikana, na utafiti usipoweza kungoja, kazi yaweza kuendelea iwapo tu sababu zimeelezwa katika andiko la utafiti na kamati ya maadili imeidhinisha. Ridhaa itafutwe mapema iwezekanavyo baadaye. Muuguzi aliyezoea kutenda kwanza na kuandika baadaye hulazimika hapa kugeuza mpangilio huo.

Maswali yenyewe hayako mbali. Rejesta ya mapokezi huonesha saa ya kufika na saa ya kuhudumiwa; tofauti kati ya nyakati hizo, ikipimwa kwa miezi kadhaa, yaweza kueleza mengi kuhusu mpangilio wa zamu. Lakini rejesta hizo, ingawa aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, hazifunguliwi kwa ajili ya utafiti bila kibali cha maadili na idhini ya uongozi wa hospitali.