Chupa ya Pili

Kwa miezi mitano daftari langu lilisema sifuri. Kila Ijumaa asubuhi, baada ya chai, nilichota maji ya tangi la samaki, nikajaza neli ya kioo mpaka kwenye mstari wa mililita 5, nikadondosha matone ya chupa ya kwanza, kisha ya chupa ya pili, nikasubiri. Maji yakabaki njano. Kwenye kadi ya rangi, njano maana yake hakuna nitrati. Nikaandika sifuri, nikamshukuru Mungu. Katika miezi hiyohiyo nilizika samaki saba chini ya mlimau.

Ni samaki wa Ziwa Tanganyika, wadogo kama kidole gumba, wale wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mpwa wangu aliniletea kumi na tano kutoka Kigoma, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, kwa treni mpaka Dar es Salaam na kwa boti mpaka Unguja. Nimefundisha kemia sekondari miaka 31, na sikuweza kuvumilia kwamba kitu kilikuwa kikiwaua wanyama hawa mbele ya macho yangu huku kipimo kikiniambia maji ni salama.

Nitrati ndiyo mwisho wa uchafu wote wa tangi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo hulimbikizana mpaka mtu abadilishe maji. Tangi linalolishwa kila siku haliwezi kukaa miezi mitano bila nitrati. Haya niliyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka. Nikaamua kuacha kukiuliza kipimo juu ya maji, nikaanza kukiuliza chenyewe: umetoka wapi, na aliyekutunga alikuwa akitafuta nini?

Jibu lilinipeleka kwenye kiwanda cha bia. Peter Griess alikuwa mkemia wa Kijerumani, aliyezaliwa mwaka 1829, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia katika kiwanda cha Allsopp, mjini Burton upon Trent, Uingereza. Kabla ya kufika huko, mwaka 1858, alikuwa amegundua kwamba asidi inayotokana na nitriti ikikutana na vitu vya jamii ya anilini huzaa kemikali mpya zenye pupa ya kushikana na nyingine, na zikishikana hutoa rangi kali mno. Mwaka 1879 aliigeuza siri hiyo kuwa kipimo. Nitriti kidogo sana ndani ya maji, kiasi ambacho ulimi wala pua haviwezi kukihisi, huonekana waziwazi kwa wekundu.

Tazama vizuri: nitriti, si nitrati. Nitrati haigusi kitendanishi cha Griess hata kidogo. Ili ionekane, ni lazima kwanza irudishwe nyuma hatua moja, iwe nitriti, na kazi hiyo hufanywa na unga wa metali, mara nyingi zinki, uliomo ndani ya chupa ya pili. Unga huo hauyeyuki. Chupa ikikaa kabatini wiki nzima, hutuama chini na kugandamana. Mimi nilikuwa nikiitikisa mara mbili tatu na kudondosha. Kilichotoka kilikuwa kimiminika kitupu, kisicho na metali. Nitrati ilibaki nitrati, Griess hakuona kitu, na maji yakabaki njano.

Nilithibitisha kwa njia ambayo namwomba kila mfugaji wa samaki aijaribu. Nilipima gramu 1.63 za nitrati ya potasiamu, nikaziyeyusha katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Hapo kila lita ina miligramu 1,000 za nitrati. Nikachukua mililita 20 za maji hayo na kuyaongeza mpaka lita moja. Sasa nilikuwa na maji ninayoyajua: miligramu 20, hakuna ubishi. Nikayapima kwa mkono wangu wa zamani. Njano. Kisha nikaigonga chupa ya pili mezani, nikaitikisa kwa nguvu nusu dakika nzima, nikadondosha, nikaitikisa na neli yenyewe dakika moja kama maelezo yalivyotaka. Baada ya dakika tano ilikuwa nyekundu ya machungwa, sawasawa na kadi. Maji ya tangi yalipofuata yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela. Mkono unaoitumia chupa ni muhimu kuliko chupa yenyewe, na bila maji unayoyajua, hujui unachosoma.

Kuna jambo jingine la Griess linalonigusa mimi kama mtu wa Unguja. Mmenyuko huohuo unaopaka rangi maji yangu ndio uliozaa viwanda vya rangi za azo huko Ulaya, na rangi hizo zilisaidia kuua biashara moja ya pwani hii, ya kitu ambacho wazee walikiita marere. Ni kiumbe cha nusu ukungu nusu mwani, cha kijivu, chenye nyuzi kama ndevu, kinachoota kwenye magome ya miti karibu na bahari. Katika karne ya 19 marere yalikusanywa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na Unguja ilikuwa mojawapo ya bandari yalikopakiwa kwenda Ulaya. Huko yalilowekwa kwenye amonia, ambayo zamani ilitokana na mkojo uliochacha, mpaka yatoe rangi ya zambarau ya kutia hariri na sufi. Rangi za maabara zikaja, za bei nafuu, na katika miaka ya 1870 mojawapo ikapewa jina la rokelini, kutokana na Roccella, jina la kisayansi la marere yenyewe. Jina likabaki dukani, wakusanyaji wakabaki bila kazi.

Jamii hiyohiyo ya marere ndiyo inayotoa litmasi. Kila mwanafunzi wangu ameichovya ile karatasi kwenye ndimu na kwenye maji ya sabuni. Robert Boyle alikwisha kuandika mwaka 1664 jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali, lakini ngazi tunayoitumia, pH, ilitungwa mwaka 1909 na Sørensen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Carlsberg nayo ni ya bia! Wapika bia walitangulia kujali maji kabla yetu wafugaji. Kila daraja la ngazi hiyo ni mara kumi ya lililo chini yake, kwa hiyo kati ya 7.6 na 8.6 hakuna tofauti ndogo.

Namba hizo mbili sikuzitaja bure. Kitendanishi cha kawaida cha pH, bluu ya bromothaimoli, huanza kugeuka kwenye 6.0 na kufika bluu kamili kwenye 7.6. Juu ya hapo hakina neno zaidi la kusema. Ukikitia kwenye maji ya samaki wa Tanganyika, ambao ziwa lao lina pH ya karibu 9, kitakuonyesha 7.6 leo, kesho na keshokutwa. Maji hayo yanahitaji kipimo cha masafa ya juu, chenye kitendanishi kingine. Na maji ya kisima yasipimwe palepale yanapochotwa, kwa sababu yana hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake; yaache ndooni mpaka kesho, pH yake itapanda.

Amonia ndiyo iliyonifunza kuheshimu pH. Upimaji wake ulianza na Julius Nessler mwaka 1856: kitendanishi cha zebaki kinachogeuka njano, kisha kahawia. Wakemia walisimamisha neli ndefu juu ya karatasi nyeupe na kutazama rangi kutoka juu, wakiilinganisha na maji ya kiasi kinachojulikana. Vipimo vingi vya sasa vimeiacha zebaki vikafuata njia iliyotokana na Berthelot ya mwaka 1859, inayotoa kijani, lakini utazamaji ni uleule: karatasi nyeupe, mwanga wa mchana. Chini ya taa ya njano ya jikoni, njano na kijani hafifu ni kitu kimoja. Na namba ikishapatikana haijitoshelezi. Kwenye pH 7, chini ya sehemu moja katika mia ya amonia hiyo ndiyo sumu kali, kwenye 8.6, kwa joto letu, ni karibu sehemu moja katika tano. Rangi ileile ya kadi ni usumbufu mdogo kwa samaki wa mto na ni mauti kwa samaki wangu.

Ugumu wa maji nilijifunza kwa bibi yangu kabla ya shule. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na bibi akifua kanga kwa sabuni ya mche alikuwa akisema maji haya yanakula sabuni. Mwaka 1841 Thomas Clark wa Aberdeen alifanya jambo hilohilo kuwa kipimo: alihesabu kiasi cha sabuni kinacholiwa kabla povu halijasimama. Karne moja baadaye, Schwarzenbach, huko Zürich, aliweka mahali pa sabuni kemikali inayoshika kalisi na magnesi, na kwenye vipimo vya nyumbani tone moja likawa digrii moja ya ugumu. Hapa usahihi wote umo katika ukubwa wa tone. Chupa ikiinamishwa, tone hubadilika ukubwa, na hesabu huharibika. Ishike wima kabisa. Mimi hutumia mililita 10 badala ya 5, ili kila tone liwe nusu digrii.

Ijumaa iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, karibu na dirisha, niliandika: pH 8.6, amonia hakuna, nitriti hakuna, nitrati 20. Pembeni niliandika siku nilipofungua kila chupa. Samaki wanane waliobaki walikuwa nje ya makombe yao. Kwenye kombe la kona ya kushoto kulikuwa na vitoto visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Nilihesabu vinne kabla mama yao hajanigeukia.