Kutoka Kirotshe hadi theluji ya Ohio: historia ya wakimbiaji wa Afrika Mashariki kwenye baridi

GOMA – Kirotshe iko kando ya Ziwa Kivu, katika wilaya ya Masisi, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova. Wakaaji wa Goma wanaijua barabara hiyo kama njia ya vyakula na, miaka hii ya karibuni, kama njia ya watu wanaohama na godoro kichwani. Wachache wanajua kwamba Kirotshe ina historia pia katika Michezo ya Olimpiki.

Historia hiyo inaanzia kwenye vita. Makorobondo Salukombo, anayeitwa Dee na wengi, ni mzaliwa wa huku Kivu Kaskazini. Akiwa mtoto, familia yake ilikimbia mapigano, ikaishi Uganda kama wakimbizi, kisha ikapokelewa Marekani, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Cleveland nao uko kando ya ziwa, ziwa Erie. Lakini ziwa hilo si kama Kivu. Wakati wa majira ya baridi maji yake huweza kuganda juu, na upepo unaolivuka huangusha theluji nyingi mjini. Mtoto aliyezoea Goma, ambako hata usiku wa baridi watu huita baridi digrii 14 au 15, hukuta huko siku zilizo chini ya sifuri.

Huko ndiko Salukombo alikokuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, kwanza shuleni, halafu katika Chuo Kikuu cha Denison, Ohio hiyohiyo. Mwanariadha wa chuo cha Marekani haachi mazoezi kwa sababu ya theluji. Mashindano ya Machi na Aprili hutayarishwa Januari.

Jinsi mwili unavyoshindana na baridi

Mazoezi ya baridi yana kanuni zake. Baridi inapozidi, mwili hupunguza damu ya mikono na miguu ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Misuli hukaza. Kwa hiyo mkimbiaji huanza polepole, dakika 10 au 15, kabla ya kuongeza mwendo. Huvaa nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, na hufunika kichwa na vidole.

Adui mkubwa ni jasho. Mtu akikimbia hujisikia ana joto, lakini akisimama na nguo iliyolowa, upepo humnyang'anya joto hilo kwa dakika chache. Ndiyo maana wakimbiaji wa nchi za baridi hupenda kuanza safari wakiukabili upepo na kurudi ukiwa mgongoni. Wakifika hubadilisha nguo mara moja, kabla ya mazungumzo.

Waliotangulia

Salukombo hakuwa Mwafrika Mashariki wa kwanza kupita njia hiyo. Miaka ya 1970, Mkenya Henry Rono, mtoto wa Nandi, alisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, katika mji wa Pullman, ambako theluji huanguka kila mwaka. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hata hivyo hakuwahi kukimbia Olimpiki. Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ile ya 1980. Siasa ilimfungia mlango ambao miguu yake ingeufungua.

Mwaka 1992, mbio za nyika za dunia zilifanyika Boston juu ya theluji. Wengine walidhani siku hiyo si ya Waafrika. John Ngugi wa Kenya akashinda, taji lake la tano, jambo ambalo hakuna mwanaume aliyelifanya kabla yake.

Lakini baridi haina heshima kwa bingwa. Aprili 2018, marathoni ya Boston ilikimbiwa kwenye mvua, upepo wa usoni na joto la digrii chache tu juu ya sifuri. Mastaa wengi wa Afrika Mashariki waliacha mbio njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa dunia, alikuwa mbele, lakini mwishoni alipitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtu aliyekuwa na kazi ya ofisi na aliyezoea kukimbia katika hali ya hewa ya kila namna. Siku hiyo kasi peke yake haikutosha.

Kurudi nyumbani

Salukombo hakubaki Ohio na ujuzi wake. Alirudi Kirotshe na kuanzisha mradi, Project Kirotshe, wa kusaidia vijana kwa mbio na masomo. Kutoka huko akatokea Beatrice Kamuchanga. Mwaka 2016 wote wawili waliivalia jezi Kongo kwenye Olimpiki ya Rio: Kamuchanga mita 5,000, Salukombo marathoni.

Michezo hiyohiyo ndiyo ya kwanza kuwa na Timu ya Wakimbizi, watu 10. Wawili walikuwa wacheza judo Wakongomani, Popole Misenga na Yolande Mabika. Watano walikuwa wakimbiaji wa asili ya Sudan Kusini waliochaguliwa katika kambi za Kenya na kufundishwa Ngong, karibu na Nairobi, chini ya Tegla Loroupe. Ngong ni mahali pa juu, na asubuhi zake ni za baridi.

Na leo

Tangu wakati huo, vita vimeipita barabara ya Sake na Minova zaidi ya mara moja. Mapema 2025, M23 walipouchukua mji wa Goma, kambi nyingi za kandokando ya mji zilivunjwa na familia zikahama tena. Kijana anayependa kukimbia hawezi kuchagua njia kama zamani. Anaangalia kwanza kama njia ina usalama, ndipo aangalie kilima.

Kwa walio chini ya Nyiragongo, ambako mvua ya alfajiri ni baridi na turubai halizuii upepo, kanuni za Ohio zinafaa hata kwa asiyekimbia: mtoto aliyelowa abadilishwe nguo kabla ya kukaa, kichwa kifunikwe, mwili upashwe joto polepole. Kwa anayekimbia kuna moja zaidi: asitoke peke yake, na nyumbani wajue amepita njia gani.