Der Geier: jina la ndege lililoingia jikoni kwetu (Sehemu ya 6)

Mama zangu, na baba wachache mnaonifuata kimyakimya, tunaendelea na maneno ya wageni waliopita huku kwetu. Tulishaona kwamba "hela" ilitoka kwenye sarafu ya Mjerumani, Heller, na "shule" ni Schule yao ileile. Leo nina neno moja tu, na hili halikuingia kwenye Kiswahili. Limeingia jikoni kwangu.

Wanaonijua wanajua baba watoto ni dereva wa watalii. Hapa Karatu dereva anayejua Kijerumani kidogo anapata safari nyingi, kwa hiyo jioni anakaa mezani na vikadi vyake: mbele picha ya mnyama, nyuma neno. Binti yetu wa darasa la nne ndiye msimamizi wa mtihani. Mimi napika, nasikiliza. Basi juzi nasikia anamgombeza baba yake: "Siyo Gaia, baba! Der Geier!" (Soma "gaya" na umalizie r kidogo sana mwishoni, utakuwa karibu.)

Geier ni yule ndege wa mizoga, shingo haina manyoya. Sisi wa bara tunamwita tai tu, tunamchanganya na tai mwindaji. Watu wa pwani wana neno lake kabisa, tumbusi. Wajerumani nao wanatenganisha: Adler ni tai anayewinda, Falke ni kozi, Geier ni tumbusi. Nomino zote wanaziandika kwa herufi kubwa, na kila moja ina ngeli yake, der, die au das, ambayo huwezi kuibashiri kwa akili, inabidi ukariri. Binti yangu alifurahi kugundua kwamba Geier mmoja ni der Geier na wengi ni die Geier, neno halibadiliki. Kama sisi tu: tai huyu, tai hawa.

Lakini neno lenyewe halina upendo. Wataalamu wa lugha hulihusisha na Gier, yaani uroho. Mjerumani akiona jambo halijulikani kabisa husema "weiß der Geier", tai ndiye ajuaye, na hapo tai amekaa kwenye kiti cha shetani. Ndege wa watu ameshahukumiwa kabla hujamwona.

Sasa, ukipanda kutoka Karatu ukavuka geti la Lodoare, barabara inaingia msituni na kuzunguka ukingo wa kreta. Pale juu kuna mnara wa mawe, kama piramidi ndogo. Ni kaburi la Michael Grzimek. Nimepita pale mara nyingi bila kusimama, mpaka baba watoto aliponieleza aliyelala pale aliuawa na nini.

Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Baba na mwana walijifunza urubani, wakaja na ndege ndogo iliyopakwa mistari kama pundamilia ili wahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Wakati ule serikali ya Waingereza ilikuwa inapanga mipaka mipya ya hifadhi. Namba za usajili wa ile ndege zilisomeka D-ENTE. D ni Ujerumani. Ente ni bata. Walipanda bata, kwa utani wao.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa anarusha. Tumbusi akagonga bawa, nyaya za kuongozea zikakwama, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Nyumbani aliacha mke mjamzito na mtoto mdogo. Ninyi mliokaa na mimba huku mnasubiri simu ya mtu aliye safarini mnaelewa, sihitaji kuongeza neno.

Kitabu na filamu yao vilitoka mwaka uleule, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard alifariki mwaka 1987 na majivu yake yakaletwa akalazwa na mwanawe. Nisiwafiche upande wa pili: mwaka huohuo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa Serengeti wakahamishiwa upande huu. Grzimek aliamini hifadhi haipaswi kukaliwa na watu kabisa. Kwa hiyo ukiuliza habari za kaburi lile, jibu linategemea umemuuliza nani, na mimi naona wote wana sababu zao.

Turudi kwa ndege wetu. Kwenye vikadi kulikuwa na mwingine, Lämmergeier. Lämmer ni wana-kondoo. Yaani tai wa wana-kondoo. Huko kwao, kwenye milima ya Alps, watu waliamini kwamba ndege huyu anabeba wana-kondoo, na mbaya zaidi, anabeba watoto wachanga. Mama alikuwa anaambiwa asimwache mtoto nje peke yake. Kumbe ndege mwenyewe chakula chake kikubwa ni mifupa! Anapaa nayo juu, anaidondosha kwenye mwamba ivunjike, anashuka kuimeza. Lakini jina lilishasema. Serikali za kule zikalipa zawadi kwa kila aliyeuawa, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaisha kabisa kwenye milima ile. Ilibidi waanze kumrudisha mwaka 1986, vifaranga waliofugwa wakiachiwa huko Austria. Siku hizi Wajerumani wanapendelea kumwita Bartgeier, tai mwenye ndevu. Wamemsafisha jina, ila karne nzima ilishapita.

Huyo wa ndevu yuko hata kwenye nyanda zetu za juu za kaskazini, ingawa kumwona ni bahati. Tunaowaona zaidi ni wengine. Kwenye milima ya Gol, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuna wanaozaliana kwenye majabali. Mjerumani anawaita Sperbergeier, na jina lao la kitaalamu linamkumbuka Eduard Rüppell, mtu wa Frankfurt, mji uleule wa akina Grzimek. Ndege wa aina hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, mita zaidi ya 11,000 kutoka chini. Leo yuko kwenye orodha ya walio hatarini zaidi duniani kutoweka, na sumu ni sababu kubwa.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kama nesi.

Mwezi uliopita shemeji yangu, anayeishi juu karibu na msitu, aliliwa mbuzi wawili na fisi kwa wiki moja. Nilimhurumia, mbuzi ni ada ya shule. Akaja kwetu mchana, akakaa barazani, akaweka kitu chini ya benchi. Jioni binti yangu ananiuliza, "Mama, hii soda ya anko?" Chupa ya soda, nusu, maji ya rangi ya maziwa. Ilikuwa dawa ya shambani. Alitaka kuipaka kwenye mzoga ili fisi akija asirudi tena.

Sikupiga kelele. Nilimnyang'anya chupa, nikamnawisha mikono kwa sabuni, halafu miguu ikaanza kutetemeka.

Jioni ile nilimwambia shemeji mambo mawili. La kwanza, mzoga ukishapakwa sumu hauchagui. Fisi anakuja mmoja au wawili, tumbusi wanashuka makumi, maana akiona mwenzake anashuka naye anafuata. Wanakufa wote palepale, na mbwa wako, na jirani yako anayeokota nyama. Watu wa India walijifunza kwa njia nyingine. Ng'ombe walipewa diklofenaki, dawa hiihii ya maumivu tunayowapa watu hospitalini. Tumbusi wakala mizoga, figo zikafa. Kwa muda wa zaidi kidogo ya miaka kumi zaidi ya asilimia 90 ya aina tatu za tumbusi wakaisha, mizoga ikabaki kwa mbwa. Mwaka 2006 serikali ikapiga marufuku kuwapa mifugo. Tumbusi anakula mnyama aliyekufa kwa kimeta na haugui. Wewe ukimchuna mnyama huyohuyo unapata kidonda kile kinachokuwa cheusi katikati, na ukichelewa kuja kituoni kinaweza kukuua. Aliyekufa ghafla usimchune, mwite afisa mifugo. Ukiona tumbusi wanamla usidhani nyama ni salama.

La pili ni chupa. Hili nawaambia na ninyi: dawa ya shamba ikae kwenye chombo chake kilekile, na maandishi yake, imefungiwa, juu. Kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiimeza utaona mate yanamtoka mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zimekuwa ndogo, anapumua kwa shida. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, mkimbize hospitali, na chombo uende nacho. Dakika ni muhimu kuliko kumtafuta baba yake kwanza.

Shemeji alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sasa fisi nimfanyeje?" Swali la haki. Baba watoto akaenda naye Jumamosi, wakaongeza miti ya miiba kwenye zizi na kuweka mlango wa mbao, mbuzi wote wakalala ndani. Mpaka leo hajaliwa mwingine, ingawa fisi anasikika.

Chupa tuliipeleka kwa afisa kilimo kesho yake. Usiku ule ilipokuwa imefungiwa kabatini, baba watoto, akiwa na Kijerumani chake, alitaka kuibandika karatasi. Unajua sumu kwa Kijerumani inaitwaje? Das Gift. Nikamwambia wewe, hapa kliniki nina akina Gift wanne, na kila mtoto wa mtaa huu anajua Gift ni zawadi! Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe: SUMU.

Binti yangu ametengeneza kadi mpya. Mbele amechora chupa.