Kwa nini kisanduku cha TV hakijaing'oa PlayStation Kawangware

Tangu 2012, kampuni za Marekani zimejaribu mara kadhaa kuuza kisanduku kidogo cha kutazamia filamu ambacho pia kingechukua nafasi ya mashine ya gemu. Kimekuja kwa majina mengi na kwa bei nafuu, na hadi leo mashine ya gemu iko palepale. Ukitaka kujua kwa nini, California si mahali pa kuanzia. Anzia Kabiro, pale Kawangware jijini Nairobi, kisha uvuke Ngong Road uingie Kibera.

Historia ya gemu katika mitaa hii haikuanza na PlayStation ya Sony. Vilitangulia vimashine vya kuiga Famicom, ile ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Vilichomekwa nyuma ya televisheni kwa waya wa antena, na katriji zake zilijigamba kuwa na mamia ya michezo, kumbe ni michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Watoto walimrusha Mario juu ya matofali na kuwapiga bata kwa bunduki ya plastiki. Vimashine hivyo tutakutana navyo tena, vikiwa vimevaa nguo mpya.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na ya pili, PS2, Machi 2000. Wengi husahau kwamba PS2 ilicheza pia DVD. Yaani mashine ya gemu ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye biashara ya filamu, miaka mingi kabla ya kisanduku cha filamu kujaribu kuingia kwenye gemu. Na Nairobi ilikuwa na vibanda vya video tayari: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na filamu za mapigano zenye sauti ya DJ Afro akisimulia juu yake. Mwenye kibanda cha aina hiyo alihitaji tu kuongeza PS2 na padi mbili.

Hapo ndipo biashara ilipozaliwa, na inafaa kuitazama kwa makini. Katika kibanda cha gemu hakuna anayenunua mashine isipokuwa mwenye kibanda. Mchezaji hununua mechi. Bei imekuwa shilingi 10 au 20, na mara nyingi anayefungwa ndiye anayelipa, mshindi akabaki na padi kumsubiri mwingine. Chukua mechi ya dakika 10 kwa shilingi 20: skrini moja inaingiza shilingi 120 kwa saa ikiwa benchi halipungui watu, na wikendi halipungui. Kutoka hapo mwenye kibanda analipa kodi ya chumba na token za stima, anabadilisha padi zilizochakaa, na polepole mashine inajilipia. Sony ilitangaza kuuza PS2 zaidi ya milioni 155 duniani. Hesabu hiyo haionyeshi vijana wangapi wa Kibera na Kawangware walipita mbele ya mashine moja bila kumiliki hata waya wake.

Vibanda hivyo vimelaumiwa sana. Wazazi wameviona kama mahali pa kukwepea shule, na Bodi ya Kuainisha Filamu imewasaka wenye kuendesha vibanda vya video bila leseni. Malalamiko mengine yana haki kabisa. Mtoto wa darasa la nne hana kazi kibandani saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Lakini ni humohumo ambamo Brian Diang'a, aliyelelewa Kibera na kujulikana kwa jina la Beast, alijifunza kupigana kwenye Mortal Kombat hadi akawa mmoja wa wachezaji wanaojulikana zaidi nchini. Ustadi wa aina hiyo hupatikana kwa kukaa bega kwa bega na mtu anayekushinda, mbele ya wengine wanaokucheka. Mtoto aliyefungiwa nyumbani na kisanduku chake haupati.

PS2 ilidumu kwa sababu mbili. Moja ni kandanda: mashine ilitoka 2000, na mchezo wa FIFA 14 bado ulitolewa kwa ajili yake, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi kikosi kipya cha Arsenal au Manchester United kilifika kwenye mashine ileile. Ya pili ni mafundi. Waliichomelea chipu ili isome diski za kunakili, na baadaye wakajua kuiwasha kwa kadi ya kumbukumbu na kusoma michezo kutoka kwenye diski ngumu. Huo ulikuwa wizi wa kazi ya watu, sitaupamba. Hata hivyo, hakuna historia ya kweli ya gemu Nairobi inayoweza kuuruka, kwa maana ndio uliofanya shilingi 20 zitoshe.

Kisha ukaja mwaka 2015. Februari, mitambo ya analogi ilipozimwa, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa siku 19 katika mvutano na serikali, na kila nyumba yenye televisheni ikagundua kwamba sasa inahitaji kisanduku. Mei mwaka huohuo Safaricom ilileta The Big Box, kilichotumia Android na kuunganisha televisheni ya kidijitali na intaneti, kwa shilingi 9,999. Kwa mara ya kwanza ilionekana kama kisanduku kingekuwa moyo wa sebule ya Mkenya, pamoja na michezo yake.

Ulaya na Marekani jaribio lilikuwa limeshaanza. Kisanduku cha Ouya kilichangiwa na watu mtandaoni mwaka 2012, kikakusanya zaidi ya dola milioni 8, kikaingia madukani Juni 2013 kwa dola 99, na kufikia Juni 2019 huduma zake zilikuwa zimefungwa. Amazon ilitoa Fire TV Aprili 2014, padi ikiuzwa kando. Apple TV ya 2015 ilikuwa na duka lake la programu, lakini mwanzoni Apple ilishurutisha kila mchezo uweze kuchezwa kwa rimoti. Hebu fikiria fainali ya FIFA kibandani kwa rimoti.

Mtu atasema visanduku vilikosa nguvu. Sikubali. Kisanduku cha Nvidia Shield, kilichotoka 2015, kilikuwa na chipu ya Tegra X1. Miaka miwili baadaye Nintendo ilichukua chipu ya familia hiyohiyo na kuijengea Switch, mashine iliyouzwa zaidi ya milioni 150. Moyo ni mmoja: Shield ikabaki kisanduku cha filamu chenye mashabiki wachache, Switch ikawa kati ya mashine zilizouzwa zaidi katika historia. Tofauti ilikuwa michezo. Nintendo iliitengenezea Switch michezo yake yenyewe, na ikaiuza na padi ambazo watu wawili wangegawana papo hapo. Wenye visanduku walitegemea michezo ya simu, na FIFA ya simu ilibuniwa kwa kidole juu ya kioo. Watu wawili kwenye benchi moja hawakufikiriwa.

Tumaini lililobaki lilikuwa kuendesha gemu kwenye kompyuta za mbali na kutiririsha picha tu hadi kwenye televisheni. Google ilifungua Stadia Novemba 2019 katika nchi 14, bila hata moja ya Afrika, na ikaifunga Januari 2023. Ilitaka kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kwa uchache. Ukipiga hesabu, hiyo ni gigabaiti 4 na nusu kwa kila saa ya mchezo. Intaneti ya bei nafuu imefika mitaani kwetu, na Poa! Internet iliyoanzia Kibera na kuenea hadi Kawangware ilistahili sifa ilipouza ya nyumbani kwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Lakini mchezo wa kutiririsha hauvumilii hata nusu sekunde ya kukwama, wakati diski ya PlayStation haijali kama mnara umelala.

Sasa turudi kwenye vile vimashine vya katriji. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini utapata kijiti cha HDMI chenye padi mbili zisizo na waya na maelfu ya michezo ya zamani ndani yake, bila intaneti. Mario yumo, bata wamo. Kisanduku cha Android nacho, kikiwekewa programu ya PPSSPP, hucheza michezo ya PSP, PlayStation ya mkononi. Hivi viwili ndivyo visanduku vya kwanza ninavyoona vimepata wateja wa kweli wa gemu katika mitaa hii, na vimewapata kwa kubeba kazi za mashine zilizotangulia, nyingi zikiwa bila idhini ya wenyewe. Watoto wadogo wanavipenda. Vijana wa miaka ishirini wanataka kikosi cha msimu huu.

Mwenye kibanda Kabiro hana uaminifu kwa Sony. Siku kisanduku kitakapoleta kandanda mpya ya watu wawili, isiyohitaji intaneti, kwa bei ambayo shilingi 20 za mechi zinaweza kuilipa, atakinunua wiki hiyohiyo.