Kutu ya Lausanne, Fuwele ya Colorado

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha katika jarida la Nature kwamba oksidi ya titani ikizamishwa majini na kumulikwa hutoa oksijeni, huku haidrojeni ikitoka kwenye platini iliyounganishwa nayo. Oksidi hiyo ni imara ajabu, ila hunasa miale ya urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nishati ya jua.

Waliofuata walitofautiana juu ya kipi kitangulie, nguvu au uhai. Huko Golden, Colorado, Oscar Khaselev na John Turner walichagua nguvu. Mwaka 1998 walipanga matabaka ya fuwele za galiamu, indiamu, fosforasi na arseniki, wakageuza asilimia 12.4 ya nishati ya mwanga kuwa haidrojeni. Lakini fuwele hizo ni ghali, na huliwa na maji yaleyale zinayoyatenganisha.

Kundi la Michael Grätzel, Lausanne, Uswisi, lilishika oksidi ya chuma, yaani kutu. Ni rahisi, haiozi katika alkali, na hunasa sehemu nzuri ya mwanga tunaouona. Ugonjwa wake ni umbali: chaji chanya inayozaliwa ndani husafiri nanomita chache tu kabla ya kukutana na elektroni na kupotea, ilhali mwanga huhitaji unene mkubwa zaidi ili unaswe. Mwaka 2006 walichanganya silikoni kidogo na kuiotesha kutu kwa matawi kama koliflawa, ili kila chembe iwe karibu na maji. Walipata miliampea 2.2 kwa sentimita mraba, wakisaidiwa na umeme wa nje; kinadharia kutu ingeweza kutoa zaidi ya 12.

Hata hivyo naipa Lausanne heshima kubwa zaidi. Kasoro ya umbo hurekebishika kwa umbo. Fuwele inayoyeyuka haina budi kukingwa na kitu kingine. Na kinga ilipopatikana, ilitoka upande wa oksidi. Mwaka 2014 kundi la Nathan Lewis, California, lilivika silikoni, ambayo nayo huliwa na alkali, tabaka jembamba la oksidi ya titani, ileile ya Fujishima, na nikeli juu yake. Safari hii oksidi hiyo haikunasa mwanga, ilipitisha chaji na kuzuia alkali. Silikoni ilifanya kazi zaidi ya saa 100. Kwa paa la nyumba saa hizo ni kidogo mno, na tundu moja katika tabaka hilo latosha kuifikisha alkali kwenye silikoni.