Salum Abdallah na kiitikio cha Morogoro

Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, wimbo wa Kimaasai hauna haja ya gitaa wala ngoma. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha, wenzake wanamwitikia kwa sauti za kooni, na kijana aliye katikati anaruka. Kiitikio kikilegea, hata miguu yake inakosa nguvu. Kila ninapowatazama, namkumbuka mwanamuziki wa dansi Salum Abdallah, ambaye naye aliimba akipokewa na waitikiaji.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, akakua na santuri za Cuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Zilimteka. Husimuliwa kwamba ujanani alifunga safari ya kwenda Cuba kujifunza muziki, akaishia Mombasa. Akarudi kwao, na mwaka 1948 akaunda bendi, akaiita La Paloma. Hilo ni jina la wimbo wa habanera, mdundo wa Cuba ulioshuka hadi Buenos Aires na kuwa mmoja wa wazazi wa tango.

Baadaye bendi ikaitwa Cuban Marimba. Litazameni jina hilo. Marimba ni neno la Kibantu, lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Hata ule utaratibu wa Cuba, mmoja akiimba na kundi likimpokea, wazee wetu waliujua kabla ya gramafoni. Ndiyo maana rumba, chacha na bolero hazikumpa Salum taabu: aliimba ubeti kwa Kiswahili chepesi, waitikiaji wakaupokea, magitaa yakajibizana, na sakafu ikajaa. Mmoja wa nyimbo zake unaitwa Ngoma Iko Huku, jina ambalo lenyewe ni mwito kwa wacheza dansi.

Na huko Morogoro wacheza dansi walikuwa na pa kuchagua. Morogoro Jazz ilikuwapo tangu 1944, na bendi mbili kubwa katika mji mdogo haziwezi kulala. Santuri za Salum zilitoka kwa lebo ya Mzuri, Mombasa, mji uleule ulioikatisha safari yake.

Mwaka 1965 ajali ya gari ilimuua, hajafika miaka 40. Mwimbaji Juma Kilaza akashika nafasi ya mbele, waitikiaji wakasimama nyuma yake, na Cuban Marimba ikaendelea kupiga dansi hadi miaka ya 1970.