Prometheus (hifadhi na usanidi katika kontena)

Prometheus ni programu huria ya kufuatilia hali ya seva, iliyoanzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, Berlin. Ikiendeshwa ndani ya kontena, huandika vipimo kwenye saraka ya /prometheus. Kontena likibadilishwa bila voliumu iliyotengwa mahsusi, jipya huanza bila vipimo vya awali. Hasara kubwa, na inaepukika kwa urahisi.

Voliumu iwe kwenye diski ya seva yenyewe, kwani NFS haifai, na mtumiaji wa kontena apewe ruhusa ya kuiandikia. Faili la usanidi, prometheus.yml, hutunzwa nje ya kontena.

Kwa kawaida data hukaa siku 15. Kwenye seva ya kisiwani kama Funzi, Kwale, ambako fundi huvuka kwa mashua kutoka Bodo, kikomo cha ukubwa nacho kiwekwe mapema, diski isije ikajaa.